Visikilizio Visivyo na Waya: Vya Mazoezi au vya Muziki?

Na Mwandishi Wetu

Mfanyakazi aamkaye alfajiri kukimbia kabla ya kwenda kazini, na mwenzake apendaye kusikiliza taarabu ndani ya daladala jioni, huweza kuingia duka moja la Kariakoo wakaonyeshwa visikilizio vile vile. Muuzaji atawaambia wote wawili kwamba hivyo ndivyo bora. Lakini ubora wa chombo ni kufaa kwake kwa kazi inayokusudiwa, na katika visikilizio hivi kazi ni mbili, tena hupingana.

Tangu kampuni ya Apple ya Marekani ilipotoa AirPods mwaka 2016, vifaa hivi vimeenea mijini kwa kasi kubwa, na vingi huigwa. Kwa hiyo yafaa, ndugu msomaji, uelewe jinsi vinavyofanya kazi kabla hujatoa jasho lako la mwezi mzima.

SIRI YA SAUTI NZURI

Sauti nzuri huanza na kuzibwa barabara kwa tundu la sikio. Mpira wa kisikilizio ukiwa mdogo kuliko tundu, hewa hupenya na sauti nzito ya besi hupotea. Hata kisikilizio cha bei kubwa hapo huwa kama redio iliyoishiwa betri. Ndiyo maana ndani ya kisanduku huwekwa aghalabu mipira ya ukubwa wa aina tatu. Ijaribu yote. Wala usishangae sikio la kulia likitaka tofauti na la kushoto.

Visikilizio vingine huongeza ufundi wa kuzima kelele. Vinasa sauti vidogo hupokea kelele za nje, kisha chombo hutoa mawimbi yaliyo kinyume chake ili kuzifuta. Ufundi huu hufaulu zaidi dhidi ya mngurumo usiobadilika, kama wa injini au jenereta. Sauti ya kondakta anayeita abiria bado utaisikia.

Jambo jingine ni namna simu inavyosafirisha muziki. Mfumo wa LDAC wa kampuni ya Sony huweza kupitisha hadi kilobiti 990 kwa sekunde, lakini lazima simu yako nayo iwe nao. Simu za iPhone hazina mfumo huo, bali hutumia ule wa AAC. Mwenye iPhone anayelipia LDAC amenunua kitu asichoweza kukitumia.

MKIMBIAJI ANA HAJA NYINGINE

Mkimbiaji hukabiliwa na jasho, mtikisiko na barabara. Kwa mtikisiko, tafuta chenye kikulabu cha kushika nyuma ya sikio. Kwa jasho, soma alama iliyoandikwa kwenye kisanduku. IPX4 maana yake chombo hustahimili maji yanayorushwa kutoka kila upande, na IPX7 maana yake hustahimili kuzama katika kina cha mita 1 kwa dakika 30. Majaribio hayo hufanywa kwa maji baridi, si kwa maji ya chumvi. Hivyo baada ya mazoezi vifute vikauke kabla ya kuvirudisha katika kisanduku cha kuchajia, ambacho mara nyingi hakina kinga hiyo.

Barabara ndiyo hatari kubwa zaidi. Kule kuziba sikio kunakoupamba muziki ndiko kunakoificha honi ya bodaboda inayokuja nyuma yako. Akimbiaye kando ya magari atumie vya aina ya wazi, kama vile vya Shokz, ambavyo hupitisha mtetemo katika mifupa ya shavu na kuliacha tundu la sikio huru. Besi itapungua, naam, lakini uhai hauna bei.

MASIKIO HAYANA VIPURI

Ndani ya daladala mambo hugeuka. Huko kelele ya injini humfanya abiria aongeze sauti hadi iwe kali kuliko kelele yenyewe. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki katika sauti ya desibeli 80. Ikifika desibeli 90, kiasi hicho hushuka hadi saa 4 tu kwa wiki. Chembechembe za sikio la ndani zikifa hazioti tena. Kwa abiria, basi, kisikilizio kinachoziba vizuri na kuzima kelele ni kinga, kwa kuwa humwezesha kusikiliza kwa sauti ya chini.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Kumbuka kwamba betri ya vifaa hivi ni ndogo, huchoka kadiri miaka inavyopita, na katika vifaa vingi haibadilishiki. Si mali ya kurithisha watoto. Dai stakabadhi na dhamana. Vivae dukani, tikisa kichwa, ruka kidogo, kisha mpigie mtu simu akueleze kama anakusikia.

Ukiwa na fedha ya jozi moja tu, hesabu saa zako za wiki. Anayekimbia saa 3 na kukaa garini saa 10 anunue vya kuziba sikio vyenye IPX4, na siku za mbio avitie mfukoni au akimbilie uwanjani pasipopita magari. Anayekimbia barabarani kila siku anunue vya wazi, na muziki wake mzuri ausikilize nyumbani kwa visikilizio vya waya, ambavyo kwa bei ndogo hutoa sauti safi na havihitaji kuchajiwa.