Gari ikitoa mvuke, tumwache shofere angoje

Wengi wetu tunapanda Ngomo, kati ya Kamanyola na Bukavu, juu ya gari zilizojaa mizigo na watoto. Mara nyingi ni pale mlimani mvuke unapoanza kutoka. Tukisha kushuka, tunaanza kumkaza shofere: fungua, tia maji, twende! Kumbe haraka hiyo inaweza kuchoma mtu.

Motere inachoma mafuta, na joto lake lingeharibu chuma. Kwa hiyo kuna pompe inayosukuma maji yazunguke ndani ya motere. Maji yanabeba joto na kulipeleka kwenye radiatere, mbele ya gari. Mule yanapita katika vibomba vyembamba, upepo na vantilatere vinayapoza, kisha yanarudi kuchukua joto lingine. Wakati wa kupanda mlima, gari inakwenda polepole: motere inatumika sana, upepo ni kidogo.

Sasa tufikiri sufuria jikoni. Hapa Bukavu, mita karibu 1.500 juu ya bahari, maji yanachemka kwa digri 95 hivi. Motere yenyewe inatumika vizuri kwa digri karibu 90. Nafasi ni ndogo! Ndiyo maana kifuniko cha radiatere kinabana sana: maji yakikandamizwa, yanaweza kupita digri 100 bila kuchemka. Ukikifungua, yanachemka palepale na kuruka usoni.

Basi tufanye hivi:

– Motere izimwe, watoto wakae mbali.
– Tungoje nusu saa au zaidi, mpaka radiatere ipoe, hata kama ndagala zetu zinangojewa sokoni.
– Shofere afungue kwa kitambaa kizito, polepole, uso ukiwa pembeni.
– Maji yawe safi, maana matope yanaziba vibomba. Yatiwe kidogo kidogo: maji baridi katika motere ya moto yanaweza kupasua chuma.
– Mtu akiungua, tumwagie maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha aende kituo cha afya. Tusipake dawa ya meno wala mafuta.

Tena, yale maji ya rangi ya radiatere ni sumu, na ladha yake ni tamu. Bido yake isiingie nyumbani kamwe kuwekewa maji ya kunywa.