Mtoto akiomba upasuaji wa kupunguza uzito, mzazi aanzie wapi?

Chukulia binti wa miaka 16 anayeishi Magu. Ana urefu wa mita 1.60 na uzito wa kilo 110. Shuleni wanamwita bonge. Akibeba ndoo ya maji anahema, na usiku anakoroma mpaka wadogo zake wanaamka. Ameona kwenye simu habari za upasuaji wa kupunguza uzito, akamfuata mama yake jikoni.

"Mama, nataka nikafanyiwe."

"Mwanangu, wewe ni mzima, umenawiri. Wakupasue kwa ugonjwa gani?"

Nyumba nyingi mazungumzo huishia hapo. Makala haya yanaeleza upasuaji huo ni nini, ni kijana gani anaweza kufikiriwa, na kwa nini saini ya mzazi peke yake haitoshi.

Kwa nini wazazi husita

Kwa wengi wetu Kanda ya Ziwa, mtoto mnene ni mtoto aliyeshiba na kutunzwa. Kukonda nako kuna kumbukumbu mbaya. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na kwa miaka mingi mtu akipungua mwili kandokando ya ziwa watu walinong'ona. Mzazi au bibi aliyeyaona hayo ana sababu ya kuogopa. Kijana asidhani kwamba hapendwi.

Hata hivyo, hali imebadilika. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi. Unene uliopitiliza, ambao wataalamu huuita kiribatumbo, unaweza kuleta kisukari, presha, mafuta kwenye ini, maumivu ya nyonga na magoti, na kukatika kwa pumzi usingizini. Baadhi ya matatizo haya huanza mtu akiwa bado shuleni.

Unene hupimwaje?

Zidisha urefu kwa urefu, kisha gawanya uzito kwa jibu hilo. Kwa binti wetu, 1.60 mara 1.60 ni 2.56. Kilo 110 ukigawanya kwa 2.56 unapata karibu 43. Kwa mtu mzima, 25 na kuendelea ni uzito uliozidi, na 30 na kuendelea ni kiribatumbo. Kwa kijana, mhudumu wa afya hulinganisha namba hiyo na chati ya umri na jinsia yake. Kwa miaka 16, 43 ni unene mkali.

Rafiki yake mwenye urefu huohuo na kilo 65 anapata karibu 25. Huyo anaweza kuumizwa na utani uleule, lakini hahitaji kisu. Ndiyo maana vipimo vinatangulia uamuzi.

Mwaka 2023, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri kwamba vijana wa miaka 13 na zaidi wenye unene mkali wapewe nafasi ya kuchunguzwa na timu ya upasuaji. Kuchunguzwa si kupasuliwa. Timu inaweza kusema ndiyo, bado au hapana.

Upasuaji wenyewe

Ziko njia mbili zinazotumika zaidi, zote mgonjwa akiwa amepewa nusu kaputi. Ya kwanza ni kukata na kuondoa sehemu kubwa ya tumbo la chakula, kama robo tatu au zaidi, likabaki bomba jembamba. Sehemu iliyoondolewa hairudishwi. Ya pili ni kutengeneza kifuko kidogo cha tumbo na kukiunganisha na utumbo mbele zaidi, ili chakula kiruke sehemu ya njia yake.

Wengi huchanganya upasuaji huu na puto. Puto huingizwa tumboni kupitia mdomoni, hujazwa, kisha huondolewa baada ya miezi kadhaa. Huo si upasuaji, na uzito unaweza kurudi baadaye. Hospitali ya Taifa Muhimbili Mloganzila, Dar es Salaam, imekuwa ikitoa huduma ya puto.

Matokeo yakoje? Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2016 ulifuatilia vijana 242 waliopasuliwa. Baada ya miaka 3, uzito wao ulikuwa umepungua kwa wastani wa asilimia 27, na wengi wa waliokuwa na kisukari kilikuwa kimetulia. Lakini asilimia 57 walikuwa na akiba ndogo ya madini ya chuma mwilini, na asilimia 13 walihitaji huduma nyingine ya upasuaji wa tumbo. Ripoti ya mwaka 2024 ilionyesha kuwa baada ya miaka 10 punguzo lilibaki kama asilimia 20. Faida ipo, na gharama kwa mwili ipo.

Saini, na baada ya saini

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa ni mtoto, na inamtaka mzazi ampatie matibabu. Sheria hiyohiyo inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Kwa hiyo fomu ya ridhaa inamhitaji mzazi au mlezi, lakini mzazi asimpeleke mtoto asiyetaka, wala asimfukuze anayeuliza.

Kazi kubwa inakuja baada ya hospitali. Aliyepasuliwa hula kidogo kidogo, hutafuna polepole, na huanza na samaki, mayai au maharage kabla ya ugali. Soda huachwa. Vidonge vya vitamini na madini humezwa maisha yote, na damu hupimwa mara kwa mara. Binti anatakiwa aepuke mimba kwa mwaka mmoja hadi mmoja na nusu, na ajue kuwa uzito ukipungua uwezo wa kushika mimba unaweza kuongezeka. Kama nyumbani sinia ni moja na anayebakiza chakula anasemwa, mtoto huyu atashindwa. Kuunga mkono ni kukubali kubadilisha jiko la nyumba nzima.

Mfanye nini sasa?

Kijana, usianze na neno upasuaji. Eleza kinachokusumbua: pumzi, usingizi, magoti, maneno ya shuleni. Kama baba au mama hasikii, mwombe shangazi, mjomba au mwalimu unayemwamini akusaidie kufikisha ujumbe.

Mzazi, jibu lako la kwanza liwe "twende tukapime." Anzeni kituo cha afya kilicho karibu: uzito, urefu, presha na sukari. Ombeni kuonana na afisa lishe. Mkionekana mnahitaji zaidi, ombeni rufaa kwenda hospitali ya wilaya, ya mkoa kama Sekou Toure, au ya kanda, Bugando. Daktari ataangalia pia kama unene unatokana na homoni au dawa fulani.

Kabla ya kufunga safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kwenda Dar es Salaam, ulizeni: Je, hospitali inapokea mgonjwa wa umri huu? Gharama yote ni kiasi gani, na bima inalipa nini? Nani atamfuatilia akirudi huku kwetu? Vidonge vitapatikana wapi kila mwezi? Likitokea tatizo usiku, twende wapi?

Msinunue unga, chai wala vidonge vya kukondesha vinavyouzwa mnadani au kwenye simu. Vingine vinaharisha tu, vingine hamjui vimechanganywa nini. Mtoto anayekataliwa nyumbani bila kupimwa ndiye huishia kununua vitu hivyo kwa siri.

Mkienda kliniki, chukueni daftari. Andikeni uzito, urefu, presha na sukari ya siku hiyo, pamoja na dawa zozote anazotumia. Daktari wa hospitali ya mbele ataomba kuona hayo kwanza.