Kabla ya Soko la Ntoto

Nafundisha historia Masisi, mashariki mwa Kongo, na kila mwaka nawaeleza wanafunzi habari za Léon Degrelle. Wanajua Wabelgiji walitutawala; wengi hawajui kwamba huko Ubelgiji kwenyewe kiliinuka chama cha kifashisti. Mwaka 1936 chama hicho cha Degrelle, Rex, kilipata viti 21 bungeni kwa kuwaahidi watu waliochoshwa na rushwa na ukosefu wa kazi kwamba kitaisafisha nchi. Mwaka 1939 wapiga kura walikipa viti 4 tu. Ujerumani ilipoiteka Ubelgiji Mei 1940, Degrelle akashikamana na mvamizi, na mwaka uliofuata akaenda na kikosi cha Wabelgiji kumpigania Hitler huko Urusi. Alichonyimwa na kura alikitafuta kwa bunduki.

Hapa Masisi na kwa jirani zetu wa Walikale hatukuwa na Rex, lakini njia ya chuki tumeipita. Kuanzia 1937 serikali ya kikoloni ilileta wakulima kutoka Rwanda, Wahutu na Watutsi, ikawapa ardhi ya Wahunde, wenyeji wa Masisi. Mwaka 1972 Rais Mobutu aliwatambua wengi wao kuwa raia. Sheria ya 1981 ikawavua uraia huo. Watu waliozaliwa hapa wakaitwa wageni.

Vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1990, idadi ya kila kabila ikawa hesabu ya kura. MAGRIVI, ushirika wa wakulima Wahutu, uligeuka chombo cha siasa, na wafuasi wake wakakataa kuwatii machifu wa Kihunde. Vijana wa Kihunde na Kinyanga nao waliambiwa kwamba ardhi ya babu zao inapotea, na baadhi ya viongozi wa jimbo wakawachochea.

Tarehe 20 Machi 1993, katika soko la Ntoto, Walikale, wanamgambo wa Kihunde na Kinyanga waliwaua wakulima Wanyarwanda waliokuja kuuza na kununua. Mauaji yakafika Masisi, Wahutu nao wakaunda makundi yao na kulipiza kisasi. Maelfu walikufa, na watu wapatao 250,000 wakakimbia makwao.

Panga lilikuja mwisho. Lilitanguliwa na sheria, kisha hotuba zilizopigiwa makofi. Ndiyo maana nawasihi vijana wangu wasingoje silaha ndipo washtuke. Mgombea akikuahidi shamba la jirani yako, mwulize hapohapo, mbele ya watu: jirani huyo na watoto wake watakwenda wapi?