Sauti Inakatakata? Usitume Pesa kwa Kubahatisha

"Halo? Unanisikia? Hebu rudia hiyo namba!" Sote tumepitia hapo. Dada yako yuko Doha, anakupigia kwa intaneti akutajie namba ya fundi wa kutumiwa hela. Sauti inakwama, inarudi kama ya roboti. Amesema sita au tisa?

Mbona hivi? Simu ya intaneti hugawanya sauti kuwa vipande vidogo vya data. Kipande kikichelewa sana, programu haikingoji, inakiruka. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU) linapendekeza sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kufika upande wa pili. Wifi ikiwa dhaifu, au programu ikiwa na hitilafu, maneno yanamezwa.

Neno likimezwa, mwambie arudie. Pesa ikienda kwa mtu mwingine, hapo ni kubembelezana. Kwa hivyo tunakushauri:

- Omba namba kwa maandishi, sio kwa sauti.
- Soma jina la mpokeaji kabla ya kuweka PIN.
- Kama "dada" hasikiki vizuri na anakuharakisha utume, kata simu. Mtafute kwa namba yake unayoijua. Matapeli pia husingizia mtandao.
- Ukikosea, tupigie saa hiyo hiyo, kabla pesa haijatolewa.

Na bando likiisha usijali: menyu ya kawaida ya laini yako haihitaji intaneti.