MWENYE UPINDE ANAFANYA NINI KATI YA MAJABARI?

Kuna swali moja ambalo limezua ubishi mkali katika darasa letu la Kidato cha Tatu. Katika vile vikosi vya mashujaa wenye nguvu za ajabu tunaowaona katika sinema na vitabu vya katuni vya Marekani, yule asiye na nguvu yoyote anatafuta nini? Wengi husema ati huyo ni mzigo tu, kazi yake ni kuokolewa. Mimi nasema la, na ninaomba nafasi katika gazeti la chama chetu nieleze kwa nini.

Kwanza tuwafahamu wenyewe. Kikosi kiitwacho Justice League of America kilionekana mara ya kwanza mwaka wa 1960, nacho kilikuwa na watu saba. Superman huruka na risasi hazimpenyi. Flash hukimbia hata jicho lisimwone. Green Lantern ana pete inayotengeneza chochote anachokiwaza. Wonder Woman, Aquaman na Martian Manhunter, ambaye ametoka sayari ya Mirihi, nao si haba. Wa saba ni Batman. Huyu, aliyebuniwa na Bob Kane na Bill Finger mwaka wa 1939, ni mtu hivi hivi. Ukimkata, damu inatoka.

Sasa hebu tazama jambo moja. Superman akisogezewa jiwe la kriptonaiti hulegea kama mlenda. Pete ya Green Lantern kwa miaka mingi haikufua dafu mbele ya kitu cha rangi ya manjano, rangi tu! Yule wa Mirihi naye moto humwishia nguvu. Sisi hadithi za namna hii tunazijua tangu utotoni. Lwanda Magere wa Waluo alikuwa na mwili wa jiwe, lakini siri yake ilikuwa kivulini. Fumo Liyongo naye siri yake ilikuwa kitovuni, kwa sindano ya shaba. Jabari huwa na siri moja, na adui akishaijua, kwisha. Mtu wa kawaida hana siri ya aina hiyo. Yeye anaweza kufa kwa risasi, kwa kuanguka, hata kwa homa. Kwa hivyo amezoea kutahadhari kila upande na kuchungulia kila kitu mara mbili. Hayo ni mafunzo ambayo majabari hawakuyapata kwa sababu hawakuyahitaji.

Hadithi ninayoipenda kupita zote ilitoka mwaka wa 1997 katika vitabu vya JLA, mwandishi akiwa Grant Morrison na mchoraji Howard Porter. Wageni kutoka angani, waliojiita Hyperclan, wanatua duniani na kuligeuza jangwa la Sahara kuwa bustani. Watu wanawashangilia. Kumbe ni maadui! Wanawanasa mashujaa wetu mmoja baada ya mwingine. Ndege ya Batman wanaitungua, inaanguka na kuwaka moto, nao wanamhesabu kuwa maiti. Hawajisumbui kumtafuta, kwani si ni mtu tu? Lakini Batman yu hai, na anajiuliza: viumbe wenye nguvu kama hawa, mbona hakuna hata mmoja aliyeingia katika mabaki yale yanayowaka ili kuhakikisha? Jibu analipata. Wanaogopa moto. Na ni nani wanaoogopa moto? Ni watu wa Mirihi. Basi anamwaga petroli, anashika kiberiti, na waliokuja kummaliza wanabaki wakimtazama.

Wapinzani wangu hujibu kwamba Batman ni tajiri mwenye ndege na magari, si mtu wa kawaida kama sisi. Hapo wana haki, sibishi. Ndiyo sababu namleta Hawkeye wa kikosi cha Avengers. Jina lake halisi ni Clint Barton, yatima aliyekulia katika sarakasi, na huko ndiko alikojifunza kulenga shabaha. Alitokea mwaka wa 1964 kama adui wa Iron Man, na mwaka wa 1965 akaingia kikosini. Mwaka wa 1983, katika hadithi zake mwenyewe, masikio yakaharibika, akawa anatumia kifaa cha kumsaidia kusikia. Upinde, mishale na masikio mabovu! Hata hivyo, katika filamu ya mwaka wa 2012, vita vya New York vikipamba moto, ni yeye aliyesimama juu ya paa akatazama jinsi maadui wanavyoruka. Akaona kwamba hawawezi kukata kona kali, akamwambia Iron Man awapeleke penye kona. Wenzake walikuwa wakipiga tu.

Filamu ya mwaka wa 2015 ndiyo iliyonifumbua macho zaidi. Mji mzima umeinuliwa angani, mashine za adui zimejaa barabarani, na Wanda, msichana mwenye uwezo wa kurusha magari kwa kutumia akili, amejificha ndani ya nyumba akitetemeka. Ni Hawkeye anayezungumza naye. Anakiri kwamba mambo haya hayana maana, mji unaruka na yeye ana upinde tu, lakini anatoka nje kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake. Wanda anatoka. Superman hangeweza kusema maneno hayo yakaingia. Mtu asiyedhurika na risasi akikuambia usiogope risasi, wewe utamsikiliza?

Lakini binadamu huyu pia ana hatari yake. Katika hadithi ya mwaka wa 2000 iliyoandikwa na Mark Waid, inagunduliwa kwamba Batman alikuwa ameandika kwa siri njia ya kumshinda kila mwenzake, endapo siku moja angegeuka. Adui Ra's al Ghul anaiba siri hizo na kuwatesa nazo nusura wafe. Baadaye wanapiga kura na Batman anatoka kikosini. Jirani yangu wa dawati husema huo ni usaliti mtupu, na kwamba rafiki hamwandikii rafiki mpango wa kumwangamiza. Nami humuuliza: Superman akipatwa na wazimu leo, ni nani atakayemzuia? Hadi leo jirani yangu huyo hajanijibu, ila amenikataza kuyagusa madaftari yake.