Lekteri ya CD kwa ordinatere ya zamani: toa picha zako mbele CD hazijakufa

Hapa Kisangani, kutoka Makiso mpaka Mangobo, nyumba nyingi zingali na CD zilizochomwa miaka ya 2000: ndoa, matanga, kwaya, picha za karatasi za kiwanja. Shida ni kwamba ordinatere mpya zinazouzwa leo karibu zote hazina tena mlango wa CD. Njo maana watu wanarudilia mashini ya zamani, ile ya Windows 98 ao XP, na wanauliza waitilie lekteri gani.

Kwa familia zilizopigwa na Vita ya Siku Sita ya Juni 2000, swali hili si la muchezo. Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325, na FRIVAO, mfuko unaoshughulikia malipo ya wahanga, uko na makao yake hapa kwetu. Kama picha ya nyumba iliyobomolewa iko kwenye CD moja tu, CD ikikufa, picha imekwenda.

Mbele ya kununua, fungua mashini na uangalie kamba ya ndani. Kama ni pana na bapa, yenye matundu 40, inaomba lekteri ya IDE. Kama ni nyembamba, upana wa kidole, ni SATA. Hizi mbili haziingiliani. Kuna pia lekteri za mwanzo wa miaka ya 1990, za Mitsumi, Sony ao Panasonic, ambazo kamba yake ilifungwa kwenye karte ya sauti. Ukikuta ya namna hiyo, usilazimishe, muite fundi.

Kisha jiulize: CD zangu ni za namna gani? Hapa njo wengi wanapotea. CD ya kiwandani inasomwa na karibu kila lekteri, lakini ile ya kuandika na kufuta, CD-RW, inarudisha mwangaza kidogo sana, na lekteri nyingi za mbele ya 1997 haziioni kabisa. Hata lekteri za kwanza kabisa za DVD, zingine zilikuwa zinakataa CD iliyochomwa nyumbani. Kwa maoni yangu, tafuta graveri ya CD ao ya DVD ya miaka ya 2000, hata kama kazi yako ni kusoma tu. Inasoma zote, na mara nyingi inasoma hata CD ambayo muchomaji hakuifunga vizuri.

Muuzaji atakuonyesha alama ya 52x kama vile ni dhahabu. 1x ni kilobaiti 150 kwa sekunde, basi hesabu mwenyewe. Lakini CD iliyokwaruzwa haipendi mbio, inasomeka vizuri zaidi polepole. Afazali ubebe CD yako mwenyewe, iliyochomwa nyumbani, na uijaribu palepale. Ile ya muziki ya muuzaji inacheza kila siku! Kama sahani inakwama kutoka, mara nyingi ni mupira mudogo wa ndani uliolegea, na huo unabadilishwa. Lakini kama jicho la lekteri limekufa, umenunua chuma.

Lekteri ya inje ya USB inafaa pia. XP inaitambua yenyewe, Windows 98 inaomba programu ya kuiendesha. Kama iko na vichwa viwili vya USB, chomeka vyote viwili, sababu kimoja pengine hakitoshi kuipa nguvu.

Kwa kufunga ile ya IDE, zima mashini na uchomoe umeme. Mustari mwekundu wa kamba kwa kawaida unaelekea upande wa tundu la umeme la lekteri. Kama lekteri inagawana kamba na diski ngumu, kile kipini kidogo cha nyuma ukiweke kwenye «slave», na diski ngumu ibaki «master». Kwa Windows 98, muziki ukicheza bila sauti, angalia kama ule waya mwembamba unaotoka kwa lekteri kwenda karte ya sauti uko mahali pake.

Umeme wa SNEL ukipanda na kushuka, usianze kazi bila regilateri. Kopi yote kwanza kwenye diski ngumu, fungua picha mbili tatu uone kama ni nzima, kisha peleka kwenye kle ya USB.

CD ipanguze na kitambaa laini, kutoka katikati kwenda inje, si kuzunguka. Lotoko haisafishi CD, hata muuzaji aape. Na jihazari na upande wa juu, ule wa kuandikia: kwa CD iliyochomwa, chuma kinachobeba kazi yote kiko chini tu ya ile rangi, ukiikwaruza hakuna fundi wa kuitengeneza. Lekteri moja ikikataa CD, jaribu nyingine, ya mukono mwingine, mbele ya kuitupa. Ila ile iliyopasuka karibu na tundu la katikati usiitie ndani: kwa mbio hizo inaweza kuvunjika vipande na kuua lekteri pia.