Mpangaji wa Wendani, kwenu ni wapi?

SIMAMA siku moja jioni kwenye steji ya Kahawa Wendani, wakati matatu za kutoka mjini zinapoteremsha abiria, umuulize yeyote atakayeshuka: kwenu ni wapi? Atakutajia Kisii, Machakos, Siaya, Murang'a au Kakamega. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta atakutajia kijiji cha babake. Huenda usimpate hata mmoja wa kukujibu kwamba kwao ni Wendani, ingawa wapo waliolipa kodi ya nyumba katika ploti hiyo hiyo kwa miaka 15 na watoto wao hawajui kwingine.

Nami ni mmoja wao. Mwaka fulani palibandikwa tangazo kwenye lango la ploti yetu, likitualika katika mkutano wa kujadili bajeti ya wadi. Nililisoma nikipita, nikajiambia kwamba huo ni mkutano wa wenyeji. Jirani yangu wa mlango wa pili alisema vivyo hivyo. Miezi michache baadaye mtaro ulipofurika mbele ya lango hilo hilo, sisi wawili ndio tuliopiga kelele kuliko wote.

Msomaji, neno hilo "wenyeji" si dogo katika nchi hii. Baada ya kura ya urais ya Desemba 27, 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafurushwa makwao. Wengi wa waliofurushwa waliambiwa kwamba ni wageni mahali walipokuwa wakilima, wakifanya biashara na kuzika wazee wao. Mapatano ya Februari 28, 2008 yaliyozima moto huo ndiyo yaliyofungua njia ya Katiba mpya ya Agosti 27, 2010, nayo Katiba hiyo ikatuletea serikali 47 za kaunti, zilizochaguliwa mara ya kwanza Machi 4, 2013. Wendani nayo ikawa moja ya wadi 8 za eneo bunge la Ruiru katika Kaunti ya Kiambu.

Serikali ikasogezwa hadi mlangoni. Lakini serikali ya mtaa ni ya nani, kama kila aishiye mtaani humo anasema kwao ni kwingine?

Jirani zetu wa Uganda waliulizwa swali hili mapema kuliko sisi, na katika hali ngumu zaidi. Hebu turudi Luwero, kaskazini mwa Kampala, ambako wapiganaji wa Yoweri Museveni walipambana na majeshi ya serikali kuanzia 1981. Vijiji vya huko havikuwa vya Waganda pekee. Palikuwa na vibarua na wafugaji waliotoka Rwanda, Burundi na pembe nyingine za Uganda, wengi wao wakikaa katika mashamba ya watu. Chifu wa wakati huo aliteuliwa kutoka juu. Ndiye aliyekusanya kodi, na kwa mwanakijiji wa kawaida alikuwa jicho la serikali.

Wapiganaji walihitaji chakula, habari na usalama. Wakawaomba wanakijiji waunde kamati zao wenyewe, kwa siri. Basi ni nani angeingia katika kamati hizo? Profesa Mahmood Mamdani, aliyeongoza tume ya kuchunguza serikali za mitaa nchini humo mwaka 1987, ameeleza katika maandishi yake kwamba hapo ndipo kipimo kilipobadilika. Cha maana hakikuwa tena ulikotoka wewe au babu yako, bali unapoishi. Kibarua aliyezaliwa Rwanda angeweza kumpigia kura, au hata kumwajibisha, mtu ambaye jana alikuwa bwana wake.

Kampala ilipotwaliwa Januari 26, 1986, mpango huo ulienezwa nchi nzima kwa jina la Mabaraza ya Upinzani, na sheria yake ikapitishwa 1987. Kila mtu mzima aliyeishi kijijini alikuwa mwanachama wa baraza. Baraza lilichagua kamati ya watu 9, na uchaguzi wenyewe ulikuwa wa kupanga mlolongo nyuma ya umtakaye, mchana kweupe. Kampala nayo iligawanywa vivyo hivyo, hata mitaa ya vyumba vya kupanga ikawa na wenyeviti wake. Miaka hiyo ya uhaba, kamati hizo ndizo zilizogawa sukari, chumvi na sabuni. Mwaka 1988 zikapewa mamlaka ya kusikiza kesi ndogo ndogo za madeni na ugomvi, na mtu asiye na nauli ya kufika mahakamani akawa na pa kupeleka malalamiko yake. Mgeni alipohamia, alikuja na barua ya mwenyekiti wa kule alikotoka, na baada ya hapo alikuwa mwanakijiji.

Sisemi kwamba Uganda ilipata pepo. Kaskazini mwa nchi hiyo vita vingine viliendelea hadi 2006, na baraza la kijiji haliwezi kumlinda mtu anayelala kambini kwa kuogopa kutekwa usiku.

Halafu kuna fedha. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997, iliyokuja baada ya mabaraza hayo kuitwa Mabaraza ya Mitaa katika Katiba ya 1995, iliiachia gombolola asilimia 65 ya mapato iliyokusanya vijijini, na robo ya kiasi hicho ikateremshwa hadi kwenye vijiji vyenyewe. Fedha ni chache, lakini mwanakijiji alijua kodi yake imerudi wapi.

Fedha za kutoka juu zilikuwa na shida yake. Wachunguzi waliofuata ruzuku za shule za msingi za miaka ya 1991 hadi 1995 walipata kwamba kwa wastani, katika kila shilingi 100 zilizotolewa na serikali kuu, ni 13 tu zilizofika shuleni. Nyingi zilikwama wilayani. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa kwa kila wilaya, na shule zikaagizwa kubandika matangazo ya kilichopokelewa. Kufikia 2001 zilikuwa zikifika zaidi ya 80. Sisi wa magazeti tunaipenda mno hadithi hii, ingawa wapo watafiti wanaotukumbusha kwamba serikali pia iliibana mifereji ya fedha wakati huo huo.

Yaliyofuata yanasikitisha kidogo. Kodi ya kichwa, iliyokuwa tegemeo la mabaraza, iliondolewa 2005. Iliwachosha maskini na wachache waliililia, lakini mabaraza yakabaki yakikodolea macho serikali kuu. Uchaguzi nao ukakwama. Baada ya ule wa 2001, mahakama ya katiba iliamua mwaka 2007 kwamba chaguzi za vijiji haziwezi kufanywa chini ya utaratibu wa zamani wa siasa zisizo na vyama, na wanakijiji hawakupanga mlolongo tena hadi Julai 10, 2018. Miaka 17! Wapo wenyeviti waliofariki wakiwa madarakani na wengine wakahama. Kwa wengi, mwenyekiti alibaki kuwa mtu mwenye mhuri.

Nimeisoma habari hiyo nikiikumbuka karatasi ya langoni petu. Vijiji vya Uganda vilinyimwa mkutano wao kwa miaka 17. Mimi niliitwa, nikapita.

Nikaenda kuitafuta Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 nione ni nani hasa anayeitwa "umma" katika mikutano hiyo. Nilitarajia kukuta mwenye ardhi na mpiga kura aliyesajiliwa wadini. Kumbe inaanza na mkazi wa kaunti. Tena inamtaja hata yule asiye mkazi, aliyepo kwa muda tu lakini anatumia huduma za kaunti. Yaani mwanafunzi wa KU aliyekodi chumba Wendani hadi amalize masomo, na ambaye atapiga kura yake Kitui, anayo haki ya kusimama mkutanini na kuuliza taa za barabarani zitawekwa lini. Hakuna anayepaswa kumuuliza kwao ni wapi.

Kila mwaka makadirio ya bajeti hutakiwa yawe yamefika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, kwa hivyo wakati wa maoni ni kabla na mara baada ya hapo. Tangazo likibandikwa tena, nimekwisha kupatana na jirani yangu wa mlango wa pili kwamba tutaandamana. Amekubali, mradi usiwe Jumapili asubuhi, na mradi mimi ndiye nitakayeutaja ule mtaro.